Mazoezi kwa Kila Mwanafunzi: Namna ya Kuipanga Siku ya Shule Bukoba na Muleba

Mitaala iliyoboreshwa, ambayo utekelezaji wake ulianza nchini Januari 2024 kwa kuzingatia Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 Toleo la Mwaka 2023, imeliweka somo la Sanaa na Michezo miongoni mwa masomo ya mwanafunzi wa shule ya msingi. Kwa hatua hiyo, michezo ina nafasi yake katika ratiba, mwalimu wake na malengo yake ya ujifunzaji.

Hata hivyo, vipindi vichache vya wiki haviwezi peke yake kukidhi mahitaji ya mwili wa mtoto, kwa kuwa mwili huhitaji kujongea kila siku. Mwanafunzi anayeketi kwenye dawati tangu asubuhi hadi alasiri, kisha akaketi tena jioni kwa ajili ya masomo ya ziada, anaweza kumaliza siku nzima bila kukimbia hata mara moja. Makala hii inaeleza kiwango cha mazoezi kinachopendekezwa kwa watoto, historia ya mazoezi katika shule za Tanzania, uzoefu uliopatikana mkoani Kagera, na namna shule za Manispaa ya Bukoba, Wilaya ya Bukoba na Wilaya ya Muleba zinavyoweza kuyagawa mazoezi katika siku nzima ya masomo bila kuathiri taaluma.

Kiwango kinachopendekezwa

Kwa mujibu wa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) uliotolewa mwaka 2020, mtoto na kijana mwenye umri wa miaka 5 hadi 17 anapaswa kufanya mazoezi ya nguvu ya wastani hadi makali kwa wastani wa dakika 60 kila siku. Mazoezi ya wastani ni yale yanayoongeza mapigo ya moyo na kuharakisha pumzi, kama vile kutembea kwa haraka. Mazoezi makali ni kama kukimbia, kuruka kamba au kucheza mpira. Mwongozo huo unaelekeza pia kwamba, angalau siku 3 kwa wiki, mtoto afanye mazoezi makali pamoja na yale yanayoimarisha misuli na mifupa, na kwamba muda wa kuketi bila kujongea upunguzwe.

Dakika hizo 60 si lazima zifanyike kwa mkupuo mmoja. Dakika 15 za asubuhi, dakika 15 za mapumziko na dakika 20 za jioni hujumlishwa pamoja. Jambo hili ndilo linaloufanya mpango wa mazoezi uwezekane hata katika shule yenye ratiba iliyobana.

Hali ilivyo duniani inaonesha kuwa kiwango hicho hakifikiwi na walio wengi. Uchambuzi wa WHO uliochapishwa mwaka 2019, uliohusisha takwimu za wanafunzi milioni 1.6 kutoka nchi na maeneo 146, ulibaini kuwa asilimia 81 ya vijana wenye umri wa miaka 11 hadi 17 hawafanyi mazoezi ya kutosha. Kwa wasichana kiwango hicho kilikuwa asilimia 85, na kwa wavulana asilimia 78.

Kwa Tanzania, suala hili linahusiana moja kwa moja na ongezeko la magonjwa yasiyoambukiza. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, uliowahusu watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64, ulionesha kuwa takribani mtu 1 kati ya 4 alikuwa na shinikizo la juu la damu, na takribani mtu 1 kati ya 11 alikuwa na kiwango cha juu cha sukari mwilini. Desemba 2016, Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya kuhamasisha mazoezi ili kukabiliana na magonjwa hayo, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kuwa siku ya mazoezi kwa wananchi. Mazoea ya mtu mzima hujengwa utotoni, na shule ndiyo mahali pekee ambapo watoto wengi wa kila kata hukutana kila siku chini ya uangalizi wa walimu.

Urithi wa mchakamchaka

Wazo la kuwafanyisha wanafunzi wote mazoezi kila siku si geni nchini. Vizazi vingi vya Watanzania vilianza siku ya shule kwa mchakamchaka, yaani kukimbia kwa pamoja kwa mistari huku wanafunzi wakiimba na kuitikiana, kabla ya kukaguliwa usafi na kuingia darasani. Mchakamchaka haukuhitaji uwanja wa kisasa, viatu maalumu wala vifaa vya kununua. Ulihitaji njia, kiongozi wa wimbo na mwalimu wa zamu. Mwenye mbio na asiye na mbio walikimbia mstari mmoja, na hakuna aliyebaki kando kuwa mtazamaji.

Misingi ya michezo shuleni iliimarishwa katika miaka ya mwanzo ya Taifa. Mwaka 1967, ambao ndio mwaka ilipotolewa falsafa ya Elimu ya Kujitegemea, Bunge lilitunga pia Sheria ya Baraza la Michezo la Taifa. Mwaka 1995 ikatolewa Sera ya Maendeleo ya Michezo. Katika shule nyingi, hata hivyo, mchakamchaka ulififia kadiri idadi ya wanafunzi ilivyoongezeka na shinikizo la mitihani lilivyokua. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano ya michezo ya shule yalisimamishwa kwa miaka kadhaa kabla ya kurejeshwa.

Wakati huohuo, nchi nyingine zimegundua upya kitu kinachofanana sana na mchakamchaka. Mwaka 2012, Shule ya Msingi ya St Ninians katika mji wa Stirling, Scotland, ilianza kuwatoa wanafunzi nje kila siku kukimbia au kutembea kwa dakika 15 wakiwa wamevaa sare zao za kawaida. Utaratibu huo umeenea katika shule za nchi nyingi. Nguvu yake ni ileile ya mchakamchaka: ni rahisi, hauna gharama, na unamhusisha kila mtoto.

Mashindano huchagua, siku ya shule hujumuisha

Kila mwaka wanafunzi wa Kagera hushiriki Umoja wa Michezo na Taaluma kwa Shule za Msingi Tanzania (UMITASHUMTA) na Umoja wa Michezo kwa Shule za Sekondari Tanzania (UMISSETA). Michezo hiyo huanzia ngazi ya shule, ikapanda hadi kata, wilaya na mkoa, na hatimaye fainali za kitaifa, kama zile zilizofanyika Mtwara mwaka 2021 na Tabora mwaka 2022. Mashindano haya yameibua wachezaji wengi wa timu za Taifa na yanastahili kuendelezwa.

Pamoja na manufaa hayo, ni muhimu kutambua kwamba mashindano kwa asili yake huchagua. Katika shule yenye wanafunzi 800, timu ya soka na timu ya mpira wa pete kwa pamoja hazichukui wanafunzi zaidi ya 40. Wanafunzi 760 waliobaki huwa washangiliaji. Aghalabu, anayeachwa kando ndiye anayehitaji mazoezi zaidi: mtoto mnene, mwenye haya, mwenye ulemavu, au msichana ambaye hajawahi kupewa mpira. Kwa sababu hiyo, kipimo cha shule inayojali afya ya wanafunzi kisiishie kwenye vikombe vilivyopangwa katika ofisi ya mwalimu mkuu. Kipimo cha msingi ni idadi ya wanafunzi waliotokwa na jasho siku hiyo.

Uzoefu wa Kagera

Mkoa wa Kagera una mfano wa karibu wa namna michezo inavyoweza kuwafikia wanafunzi wengi. Kwa zaidi ya muongo mmoja, shirika la Jambo Bukoba, lililoanzishwa na Clemens Mulokozi, Mjerumani mwenye asili ya Tanzania, limekuwa likifanya kazi na shule za mkoa huo kwa kushirikiana na mamlaka za elimu. Shirika hilo huwapatia walimu wa shule za msingi mafunzo ya stadi za maisha kupitia michezo, kwa mbinu zilizoandaliwa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Michezo cha Ujerumani kilichopo Cologne.

Katika mbinu hizo, mchezo hubeba somo. Mchezo wa kukimbizana unaweza kuwafundisha watoto namna maambukizi yanavyoenea na namna ya kujikinga. Mchezo wa kupasiana mpira, wenye sharti kwamba bao halihesabiwi mpaka wavulana na wasichana wote wameugusa, hufundisha usawa bila hotuba ndefu. Baada ya mchezo, mwalimu huwaketisha wanafunzi kwa muda mfupi na kuwauliza walichojifunza.

Jambo la pili la kuzingatia katika uzoefu huo ni mashindano ya bonanza, ambapo zawadi ya ushindi huelekezwa kwenye mahitaji ya shule yenyewe, kama vile vyoo, matangi ya maji au madarasa. Utaratibu huo huifanya jamii nzima ione faida ya mchezo, na mzazi aliyekuwa akidhani mpira ni upotevu wa muda hupata sababu ya kwenda uwanjani.

Je, mazoezi hupunguza ufaulu?

Hofu kubwa ya wazazi na walimu, hususan kwa madarasa ya mitihani, ni kwamba muda wa michezo huibwa kwenye masomo. Ndiyo sababu katika baadhi ya shule kipindi cha michezo huwa cha kwanza kuchukuliwa pale mada za somo jingine zinapochelewa.

Ushahidi uliopo hauungi mkono hofu hiyo. Mwaka 2010, Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani kilipitia tafiti 50 zilizochunguza uhusiano wa mazoezi shuleni na maendeleo ya taaluma. Takribani nusu ya mahusiano yaliyopimwa yalionesha manufaa, karibu nusu nyingine hayakuonesha tofauti, na asilimia 1.5 tu ndiyo yaliyoonesha athari hasi. Kwa maneno mengine, kutenga muda wa mazoezi kunaweza kumsaidia mwanafunzi kitaaluma, na ni nadra kumdhuru. Mwalimu aliyewahi kufundisha kipindi cha mwisho cha alasiri anafahamu hali hii: wanafunzi waliosimama na kunyoosha viungo kwa dakika chache husikiliza vizuri kuliko waliosinzia.

Mazingira ya Bukoba na Muleba

Mpango mzuri huzingatia mahali unapotekelezwa. Bukoba ni miongoni mwa maeneo yanayopata mvua nyingi zaidi nchini, takribani milimita 2,000 kwa mwaka, na mara nyingi mvua hizo huja asubuhi kutoka upande wa Ziwa Victoria. Shule inayotegemea uwanja pekee itakosa mazoezi kwa wiki nyingi za masika na vuli. Shule hizo zinahitaji mazoezi mbadala ya ndani: kuruka papohapo, kunyanyuka na kuketi bila kushika dawati, kunyoosha mikono na mgongo, au ngoma za asili chini ya paa la bwalo.

Katika miinuko ya Kamachumu na Nshamba wilayani Muleba, ardhi tambarare ni haba na shule nyingi zimezungukwa na migomba na kahawa. Katika visiwa vya wilaya hiyo, kama vile Bumbire, Ikuza na Goziba, eneo la kuchezea linaweza kuwa dogo na lenye mawe. Kwa shule za namna hiyo, michezo isiyohitaji uwanja mkubwa kama kuruka kamba, rede, kombolela, kuvuta kamba na mbio fupi za kupokezana ndiyo inayofaa zaidi. Mipira inaweza kutengenezwa na wanafunzi wenyewe kwa majani makavu ya migomba na kamba, kama ilivyozoeleka vijijini.

Wanafunzi nao hawafanani. Mwanafunzi wa kutwa anayetembea kwa haraka dakika 30 kwenda shule na dakika 30 kurudi tayari anakaribia au ametimiza kiwango cha siku. Huyu hahitaji kuongezewa mbio za alfajiri zinazomlazimu kuondoka nyumbani gizani. Anachohitaji ni michezo ya kuimarisha misuli na furaha ya kucheza na wenzake. Kwa upande mwingine, mwanafunzi wa bweni, ambaye bweni, darasa na bwalo lake viko hatua chache tu, na mtoto wa mjini anayepelekwa shule kwa gari au bodaboda, wanaweza kukaa siku nzima bila kujongea. Kwa makundi haya mawili, mazoezi ya asubuhi na jioni ni ya lazima.

Mfano wa siku ya shule yenye mazoezi

Ufuatao ni mfano ambao shule inaweza kuurekebisha kulingana na mazingira yake:

• Kabla ya vipindi: mchakamchaka wa dakika 15 kuzunguka eneo la shule, ukiongozwa na mwalimu wa zamu na viranja. Siku ya mvua, mazoezi ya viungo hufanyika ndani.

• Kati ya vipindi: dakika 5 za kusimama na kunyoosha viungo, mara mbili kwa siku, mwalimu wa somo akiongoza. Mwalimu wa Hisabati anaweza kuwahesabisha wanafunzi majedwali huku wakiruka.

• Wakati wa mapumziko: angalau dakika 15 za michezo huru. Kamba na mipira itolewe stoo, na sehemu ya eneo itengwe kwa wasichana na wanafunzi wadogo ili wasisukumwe kando na wakubwa wanaocheza soka.

• Baada ya vipindi: dakika 20 za michezo kwa madarasa kwa zamu, ikiwemo riadha, mpira wa miguu, mpira wa pete, mpira wa wavu na mpira wa mikono, kabla ya wanafunzi wa kutwa kuruhusiwa kurudi nyumbani.

Jumla yake ni dakika 60. Kati ya hizo, ni dakika 10 tu zinazogusa muda wa vipindi.

Makundi yasiyopaswa kuachwa nyuma

Wasichana wanapaswa kupewa mavazi yanayowaruhusu kukimbia kwa staha, kama bukta ndefu au suruali ya michezo, pamoja na maji na faragha wakati wa hedhi. Mwalimu wa kike anayeshiriki mazoezi mwenyewe ni kichocheo kikubwa kwao.

Wanafunzi wenye ulemavu wana haki sawa ya kucheza. Manispaa ya Bukoba ina uzoefu wa elimu kwa wanafunzi wenye mahitaji maalumu kupitia shule kama Mugeza Mseto. Mpira wa goli, unaochezwa kwa mpira wenye njuga ndani yake, humwezesha mwanafunzi asiyeona kushindana kwa usikivu wake. Mwanafunzi kiziwi huhitaji tu mwamuzi anayetumia kitambaa badala ya filimbi. Wenye ualbino wapangiwe mazoezi ya asubuhi mapema, jioni au kivulini, wakiwa na kofia na nguo za mikono mirefu.

Wapo pia wanafunzi wanaohitaji uangalizi wa kiafya. Mwenye selimundu, ugonjwa unaoonekana kwa wingi Kanda ya Ziwa, anywe maji ya kutosha, apumzike anapochoka na asilazimishwe mbio ndefu wala kuachwa alowe kwenye baridi. Mwenye pumu awe na dawa yake karibu. Wazazi wanahimizwa kuutaarifu uongozi wa shule kuhusu hali hizo na kupata ushauri wa kituo cha kutolea huduma za afya.

Usalama na nidhamu

Mazoezi yasitumike kama adhabu. Mwanafunzi anayerushwa kichura au kukimbizwa kuzunguka uwanja kwa sababu ya kuchelewa hujifunza kwamba mazoezi ni mateso, na fikra hiyo huweza kudumu naye hadi utu uzima. Vilevile, kubeba maji au kulima shamba la shule ni kazi inayotumia nguvu, lakini haichukui nafasi ya mchezo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inayataja mapumziko miongoni mwa haki za mtoto, na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unatambua haki ya mtoto kucheza.

Ngurumo zinaposikika, wanafunzi wote waondoke uwanjani na waingie ndani ya jengo. Wasijikinge chini ya miti wala kushika nguzo za magoli ya chuma. Uwanja ukaguliwe mawe, mashimo na vipande vya chupa kabla ya michezo, na maji safi ya kunywa yawepo. Kadhalika, mtoto mwenye njaa hawezi kukimbia: uji wa asubuhi na chakula cha mchana vinavyochangiwa na wazazi ni sehemu ya mpango huu.

Wajibu wa kila mdau

Mwalimu mkuu na mkuu wa shule waingize muda wa mazoezi katika ratiba iliyoandikwa, na kipindi cha michezo kilindwe kama kipindi kingine chochote. Kamati na bodi za shule zilinde maeneo ya wazi dhidi ya uvamizi na ujenzi usiozingatia viwanja, kwa kuwa kiwanja kikishajengwa hakirudi. Maafisa elimu kata na maafisa michezo wa halmashauri waulizie mazoezi ya kila siku wanapokagua shule, pamoja na maandalizi ya mashindano.

Wazazi na walezi wanakumbushwa kuwa mtoto anayerudi nyumbani na vumbi jekundu kwenye soksi hajapoteza muda. Amejenga moyo, mifupa na misuli atakayoitumia maisha yake yote. Shule isiyo na uwanja wala mpira inaweza kuanza Jumatatu ijayo kwa dakika 15 za mchakamchaka.